Papa wa mama mkwe, vibua wa shughuli na hofu ya sumu ya baharini

BARUA

Shikamoo, Bwana Afya wetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, ninaishi Chang'ombe. Nina watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu, na sasa nina ujauzito wa miezi mitano. Mume wangu ni mtu wa Tanga aliyekulia pwani, na siku isiyo na samaki huiona kama siku ambayo hakula. Mama yake, anayeishi Tongoni, hututumia kwa basi deli la samaki wabichi, na kila mara huweka pembeni furushi la papa mkavu. Yeye ndiye aliyenifundisha kumpika papa kwa nazi, na kwa kweli nimempenda kuliko hata mwanawe anavyompenda. Tangu nipate ujauzito nimekuwa nikimla karibu kila wiki.

Hivi karibuni palikuwa na shughuli kwa jirani, tukaandaliwa wali na vibua wa kukaanga walionunuliwa sokoni siku iliyotangulia. Muda mfupi baada ya kula, watu kadhaa nyuso ziliwapata moto na kuvimba kidogo, miili ikawawasha, vichwa vikawauma, na wengine wakatapika. Mimi sikuwa nimekula. Wote walipona kabla ya kesho yake, lakini tangu hapo mtaani hakuna mazungumzo mengine. Kuna sauti inayozunguka kwenye simu ikidai kwamba bahari yote, kuanzia Dar es Salaam hadi Tanga, imejaa kemikali za viwandani, kwamba mjamzito anayekula samaki wa bahari atazaa mtoto mwenye ulemavu wa akili, na kwamba samaki wanaofika huku bara hupakwa dawa ya kuhifadhia maiti. Mwalimu mwenzangu anasema dawa yake ni kuwaloweka kwenye ndimu na chumvi usiku kucha, na sumu yote itatoka.

Nimeogopa, nikasitisha samaki wote nyumbani, hata dagaa. Tunakula maharage na mlenda, na nyama tukiipata. Mume wangu amenyamaza, ila najua hana raha. Mama mkwe alipokuja kututembelea nilimwambia sitapika tena papa, akaniuliza kama ninamwona yeye ni mtu wa kuwalisha wajukuu wake sumu, kwa maana amezaa na kulea watoto saba kwa papa huyo huyo. Aliondoka akiwa amenuna, na sijui nimwendee vipi.

Naomba uniambie ukweli. Je, nimekwisha kumdhuru mtoto? Je, niwalishe watoto samaki wa bwawa la Mtera badala ya wa bahari? Na nitajuaje kama samaki amewekwa dawa?

Mwalimu mwenye wasiwasi, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yaliyokukuta. Nianze na jibu lenyewe ili usisome maelezo haya yote roho ikiwa mkononi: warudishe samaki mezani, tena leo, kwa ajili yako, ya mtoto aliye tumboni na ya hao wawili ulio nao, isipokuwa papa, ambaye ninakuomba umweke kando hadi utakapojifungua na kumaliza kunyonyesha. Sababu za jibu hilo nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa mtu aliyeambiwa tu aache hiki ale kile hubadilika tena siku sauti nyingine ikiingia kwenye simu.

Sauti uliyoisikia imechanganya mambo matatu yasiyo na asili moja. La kwanza ni kemikali zinazoingia majini na kukaa katika mwili wa samaki angali hai. La pili ni sumu inayotokea baada ya samaki kufa, akiachwa kwenye joto. La tatu ni dawa ambayo mtu huiweka kwa makusudi ili samaki asioze. Kwa dalili ulizozitaja, karibu sina shaka kwamba wageni wa jirani yako walipatwa na hilo la pili, ambalo viwanda havihusiki nalo hata kidogo, na nitalirudia.

Tuanze na kemikali, kwa sababu hapo ndipo sauti ile ilipobeba chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoifanya iaminike. Inayohusika zaidi ni zebaki, nayo hufika majini kutokana na moshi wa makaa ya mawe, volkano, maji machafu ya baadhi ya viwanda, na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Ikitua kwenye tope lisilo na hewa, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo mwili huipokea kwa urahisi na kuitoa polepole sana. Viumbe vidogo vinavyoelea majini huinyonya, dagaa hula viumbe hivyo, vibua hula dagaa, jodari hula vibua, na papa, ambaye huishi miaka mingi na kula kila asiyemzidi nguvu, hukusanya mwilini mwake mzigo wa wote hao. Kiwango hupanda kila hatua, kiasi kwamba nyama ya samaki mkubwa mwindaji inaweza kuwa na zebaki mara milioni moja au zaidi ya ile iliyomo katika maji anamoishi. Kwa hiyo papa wa mbali kabisa na kiwanda chochote, aliyevuliwa kwenye maji maangavu ambayo ungeyaona ukayasifu, bado huwa na zebaki nyingi kuliko dagaa waliovuliwa karibu na mji.

Dunia ilijifunza madhara yake kwa machozi. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki katika ghuba kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya wavuvi na familia zao kuanza kutetemeka, kupoteza uwezo wa kuona vizuri na kushindwa kutembea, na baada ya paka waliokula mabaki ya samaki kufa kwa kifafa. Lililowashtua zaidi madaktari ni kwamba akina mama ambao wenyewe hawakuonekana wagonjwa sana walizaa watoto walioathirika vibaya ubongo, kwani zebaki ya methili huvuka kondo la nyuma na ubongo unaokua huumia kwa kiasi ambacho mtu mzima angekistahimili. Hapo ndipo maneno ya mjamzito na samaki yalipotoka. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unaitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania ni mwanachama wake. Hata hivyo, Minamata ilikuwa ghuba iliyojifunga, kiwanda kikimwaga zebaki humo kwa miongo, na watu wakila samaki wa humo humo kila siku. Kuichukua habari hiyo na kuibandika kwenye Bahari ya Hindi yote ni kuwatisha watu bila haki.

Wewe ni mwalimu, basi tupige hesabu. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani iliweka mwaka 2003 kiwango ambacho mtu asikizidi kwa wiki, yaani maikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na waliposhusha kiwango hicho waliyemfikiria ni mtoto aliye tumboni. Mwanamke wa kilo 60 anapata basi maikrogramu 96 kwa wiki. Katika vipimo vya miaka mingi vya mamlaka ya chakula ya Marekani, papa ana wastani unaokaribia miligramu 1 ya zebaki kwa kilo ya nyama, wakati sadini, ambao ni ndugu wa dagaa wa bahari, wana takribani miligramu 0.013. Maana yake ni kwamba gramu 100 tu za papa, kipande kisichojaa kiganja, zinamaliza posho ya wiki nzima, ilhali kwa sadini ungelazimika kula zaidi ya kilo 7 katika wiki hiyo ili ufike hapo. Samaki hao walipimwa Marekani, si Tongoni, na tarakimu za papa mmoja hazilingani na za mwingine. Mpangilio lakini ni ule ule katika kila bahari, kwa sababu unatokana na nani anamla nani.

Kuna jambo moja zaidi juu ya papa mkavu ambalo wengi hawalifikirii. Sehemu kubwa ya nyama ya samaki mbichi, karibu robo tatu, ni maji. Akianikwa, maji huondoka na zebaki hubaki, hivyo kipande kidogo cha papa mkavu kinachoonekana si kitu kina zebaki ya kipande kikubwa cha papa mbichi. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba unakula kidogo.

Sasa swali lako linalouma kuliko yote. Sina sababu ya kukuambia kwamba umekwisha kumdhuru mtoto, na ninakusihi usiibebe hukumu hiyo. Madhara ya Minamata yalitokana na viwango vikubwa mno kuliko vya mtu anayekula papa kwa nazi mara moja kwa wiki. Kinachohofiwa kwa ulaji kama wako ni athari ndogo, ambazo watafiti huziona wanapolinganisha watoto wengi, si ulemavu unaotangazwa na sauti ile. Tena ubongo wa mtoto unaendelea kukua kwa kasi katika miezi iliyobaki na baada ya kuzaliwa, na mwili wako hupunguza nusu ya zebaki iliyomo kwa muda wa takribani miezi miwili, kwa hiyo kuacha sasa kuna faida ya kweli. Mweleze muuguzi wako wa kliniki ulichokuwa ukila ili akiandike, kisha endelea na mahudhurio yako kama kawaida.

Ninachokiogopa zaidi kwako ni hiki cha kuondoa samaki wote. Mafuta ya samaki yana omega-3 ya aina ambayo ubongo na macho ya mtoto huihitaji sana katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na maharage na mlenda, pamoja na uzuri wao wote, hayana mafuta hayo. Samaki wa bahari wana madini joto, na dagaa wanaoliwa na miiba yao wana chokaa ya mifupa ambayo watoto wengi wa mkoa wetu, wasiopata maziwa ya kutosha, hawaipati kwingine kwa bei hiyo. Ushauri unaotolewa kwa wajawazito katika nchi zinazopima samaki wao kwa makini ni kula samaki wenye zebaki kidogo mara mbili au tatu kwa wiki, jumla ya gramu 225 hadi 340. Kwa meza ya mtu wa Tanga aliyehamia Dodoma, hao ni dagaa, samaki waitwao simu, vibua, tasi ambaye chakula chake ni majani ya baharini, mkizi, changu wadogo, kamba, ngisi, na kwa samaki wa maji baridi ni perege. Nguru mkubwa na jodari mkubwa wako karibu na upande wa papa, pamoja na nduaro. Mume wako anaweza kula kipande cha nguru kwa wiki bila shida, ila wewe mwache kwa sasa. Huyo wa miaka mitatu mpe vipande vidogo vya samaki hao wa kwanza, ukiwatoa miiba vizuri, wala usimwonjeshe papa.

Ndimu na chumvi hupunguza shombo na kukaza nyama, lakini zebaki haitoki. Imeshikamana na protini za nyama yenyewe, kwa hiyo kuloweka, kuchemsha na kumwaga maji, kukaanga au kubanika hakuiondoi. Mbinu za jikoni husaidia kwa kemikali za namna nyingine, kama mabaki ya dawa ya wadudu ya DDT na zile za PCB zilizotumika zamani katika mafuta ya transfoma, ambazo hukaa kwenye mafuta ya samaki. Ukimtoa ngozi, mafuta ya tumboni na matumbo, kisha ukambanika mafuta yakadondoka, unazipunguza. Kadimiamu, ambayo ni metali yenye sumu, nayo hukaa zaidi katika ini, na kwa kaa na kamba hukaa katika ile sehemu laini ya rangi ya kahawia iliyo kichwani au chini ya gamba, ambayo ni vizuri mjamzito asiinyonye.

Je, bahari ya Dar es Salaam ina kemikali? Ndiyo, mahali pamoja zaidi ya pengine. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ukipokea maji ya viwanda, ya machinjio na ya vyoo, kisha unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Watafiti walipochukua tope la mikoko ya mdomo wa mto huo walikuta madini mazito kwa kiwango cha juu kuliko mikoko ya mbali na mji. Tope hilo huyashikilia madini, na wanaoyapata zaidi ni viumbe wanaoishi humo, yaani kaa wa mikoko, na zaidi kombe na chaza. Hawa wawili wa mwisho hawahami, nao huchuja makumi ya lita za maji kwa siku wakibakiza mwilini kilichomo, pamoja na vijidudu vya kinyesi. Kombe wa karibu na mdomo wa mto unaopita mjini usiwale kabisa, hata usipokuwa mjamzito. Changu aliyevuliwa kwenye miamba ya mbali hana undugu na habari hiyo. Kwa upande wa Tanga, watu huyanyooshea kidole maji ya viwanda vya mkonge yanayoingia mitoni, na ni kweli yananuka na kuua samaki, lakini huua kwa kumaliza hewa ndani ya maji na si kwa kumtia sumu atakayemla aliyesalia.

Hapa lazima niseme kinachonikera. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba anayechafua ndiye anayepaswa kulipa, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limepewa meno ya kumtoza faini na kumfungia. Bado mzigo wa kila siku tumemtwika mama aliye sokoni, awe ndiye wa kuhesabu na kuuliza, na wakati huo bomba linaendelea kumwaga usiku mvua ikinyesha. Nisingependa hofu yenu ya Chang'ombe iishie kwa wauza samaki wa soko la Majengo, ambao hawana kiwanda. Ingewafikia wenye mabomba ningeifurahia.

Nirudi kwa vibua wa shughuli. Vibua, jodari na baadhi ya dagaa wana katika nyama yao kitu cha asili ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini samaki akiachwa bila barafu. Histamini ndiyo hiyo hiyo inayoufanya mwili uwashe mtu anapopata mzio, na ndiyo maana dalili zinafanana: uso kupata moto, kuwashwa, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, mara nyingine kutapika au kuharisha, zikianza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili na kuisha zenyewe siku hiyo hiyo. Kuwaua bakteria peke yake hakulimalizi jambo hili, kwa kuwa histamini ikishatengenezwa haivunjwi na moto wa kikaango, wala barafu ya baadaye haiirudishi nyuma, na samaki anaweza asinuke vibaya. Wengine huhisi ladha ya ukali kama pilipili mdomoni, na anayeihisi ateme. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni takribani kilomita 450, na kabla ya safari hiyo kuna saa za ufukweni na za mnadani, na baada yake kuna meza ya soko chini ya jua la Dodoma. Kwangu mimi, hatari ya kemikali iliyo karibu zaidi na mlo wa mtu wa bara ni hii, nayo inazuilika kwa barafu tu. Nunua asubuhi, kwa muuzaji ambaye barafu yake inawafunika samaki badala ya kuwa chini yao pekee. Tazama macho yawe angavu na yasiyozama, mashavu yawe mekundu, na nyama irudi unapoibonyeza kwa kidole. Wafikishe jikoni na uwapike siku hiyo, au uwagandishe mara moja. Mtu aliyepatwa na dalili hizo akianza kushindwa kupumua, akimbizwe hospitali bila kungoja.

Umeuliza juu ya samaki wa Mtera. Ni chakula kizuri, na perege, kwa kuwa hula zaidi mimea ya majini, yuko chini katika ule mpangilio wa zebaki. Lakini usiwakimbilie kwa kudhani kwamba maji ya bara hayana lake. Mto Ruaha Mkuu unaojaza bwawa hilo umetoka mashamba ya Usangu, ambako dawa za wadudu na mbolea hutumika, na katika Ziwa Viktoria mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia kununua samaki kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa kumwaga viuatilifu majini. Changanya tu: leo perege, keshokutwa dagaa, wiki nyingine vibua walio safi. Anayebadilisha samaki na maji hakusanyi mzigo wa mahali pamoja. Niongeze hili kwa wasomaji wetu wa Singida na kwingineko kwenye machimbo madogo: nyumba ambayo mtu anachoma dhahabu yenye zebaki uani au jikoni, mvuke wake ni hatari kubwa kwa mjamzito na watoto kuliko samaki yeyote wa sokoni, na kazi hiyo iondoke kabisa kwenye makazi.

Kuhusu mama yetu wa Tongoni, naona mlikwaruzana kwa sababu wewe ulisema papa na yeye akasikia mkono wake. Mwambie mumeo ampigie kwanza, kwa maana mwana akizungumza na mamaye yapo yanayopokelewa ambayo mkwe hayawezi kuyafikisha. Kisha umpigie wewe, umwamkie, umwombe radhi kwa namna ulivyolitamka jambo, maana jambo lenyewe hukukosea. Usibishane naye juu ya watoto saba. Walikua salama, na hakuna anayesema kila anayekula papa huzaa mgonjwa, kinachosemwa ni kwamba sasa tunajua kitu ambacho bibi zetu hawakuwa na njia ya kukipima. Mwambie umeshauriwa umwache papa kwa kipindi cha ujauzito na kunyonyesha tu, halafu mwombe kitu: badala ya papa akutumie tasi na dagaa wa kwao, ambao Dodoma hawapatikani kirahisi, na akufundishe namna anavyowapika. Mwombe pia awapange samaki ndani ya deli safu kwa safu na barafu, wakiwa wamekwisha kutolewa matumbo, na alipeleke kwenye basi la alfajiri. Mama wa pwani hatakataa kuombwa samaki.

Mwisho ni hiyo dawa ya maiti, yaani formalini. Kuiweka kwenye chakula ni kosa, na anayefanya hivyo anastahili kushtakiwa, kwa kuwa kemikali yenyewe huchoma utumbo na imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Watu husema samaki wa dawa haguswi na nzi, huwa mkavu na mgumu kama mpira na hanuki shombo. Dalili hizo zinatosha kukufanya uache kununua, lakini hazitoshi kumtuhumu mtu, kwa sababu samaki aliyegandishwa vizuri naye hana nzi, na baadhi ya samaki wa bahari hutengeneza formaldehaidi, yaani kemikali ya formalini hiyo hiyo, kidogo wenyewe wakikaa kwenye friji. Jibu la uhakika ni la maabara. Usalama wa chakula ulihamishiwa kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019, nalo lina ofisi ya kanda hapa Dodoma, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina makao yake makuu katika mji huu huu. Ukimshuku samaki, usimtupe wala usisambaze picha yake. Mfunge kwenye mfuko safi bila kumwosha, mgandishe, andika siku na mahali ulipomnunua, na umwone afisa afya wa kata yako ili ampeleke kunakohusika akiwa bado ni kielelezo.